Askari wa Kweli na Askari wa Kubuni: Riwaya Inapobeba Historia Yetu

Maneno ya Kikundi cha Usomaji katika sherehe ya Siku ya Uhuru, Dubai

   

Tumepewa dakika 20 kati ya ngoma na chakula, na harufu ya pilau imeshaingia ukumbini kabla yetu. Kwa hiyo hatutazunguka sana. Sisi ni wale mnaotuona Jumamosi jioni tumekusanyika na vitabu na birika la chai ya tangawizi. Tumekuwa tukisoma riwaya za historia ya nyumbani, zile ambazo ndani yake mtu aliyeishi kweli anakaa pamoja na mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Kamati imetuomba tuwaambie tumepata nini humo.

Tuanze na ubishi, maana kikundi chetu bila ubishi hakiendi. Mzee wetu mmoja alitufungulia kikao cha kwanza kwa kusema kwamba riwaya ni uongo uliopigwa pasi. Kama mnataka historia, akasema, someni historia. Watoto wetu hapa Dubai hawajui hata TANU ilizaliwa lini, na ninyi mnawapa hadithi za kubuni. Hoja yake ina uzito, na hatukuwa na jibu la haraka. Mtoto anayesoma shule ya mtaala wa Kihindi au wa Kiingereza, anayezungumza Kiswahili cha jikoni na cha simu ya bibi, ukimpa kitabu kimoja chenye jemadari wa kweli na mjomba wa kubuni, atajuaje nani ni nani?

Kitabu kilichotuletea ubishi huo ni Afterlives cha Abdulrazak Gurnah, kilichotoka mwaka 2020. Gurnah ni mzaliwa wa Zanzibar, mwaka 1948, na Oktoba 2021 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mnakumbuka siku ile. Simu zetu zililia kutwa, na watu ambao hawajawahi kumsoma (wengine tumo humu) walikuwa wakipongezana kama wamefunga bao. Anaandika kwa Kiingereza, lakini riwaya yake ya Paradise ya mwaka 1994 sasa tunayo kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, imefasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Mwenye kuona Kiingereza kizito aanzie hapo.

Afterlives inaanza wakati wa Wajerumani, katika mji wa pwani usiotajwa jina. Yupo Khalifa, karani, baba yake Mgujarati na mama yake Mwafrika. Yupo Afiya, msichana aliyepigwa na mlezi wake hadi mkono ukavunjika, kosa lake ni kujua kuandika. Yupo kaka yake, Ilyas, ambaye alichukuliwa akiwa mtoto na askari wa Wajerumani, akasomeshwa kwao, akawapenda, na vita vilipokaribia mwaka 1914 akaenda kujiandikisha kuwapigania. Na yupo Hamza, naye askari, anayerudi na jeraha pajani na hana kwao, kisha anamwoa Afiya. Mtoto wao wanampa jina la mjomba aliyepotea: Ilyas. Vizazi viwili, na katikati yao jina moja na swali moja. Mjomba alikwenda wapi?

Tunawaomba radhi ambao hamjamaliza kitabu, lakini bila kusema mwisho wake hatuwezi kusema tulichokuja kusema. Mjomba Ilyas aliishia Ujerumani, na alifia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, karibu na Berlin.

Tulipofika hapo, kijana mmoja wa kikundi akasema hili sasa limezidi. Mswahili kutoka pwani yetu, katika kambi ya Hitler? Hapo mwandishi kajitungia.

Hakujitungia. Mwaka 1904 alizaliwa Dar es Salaam mtoto aliyeitwa Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye baadaye alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, mwenye asili ya Sudan. Vita vilipoanza, mtoto huyu wa miaka kumi aliingia jeshini pamoja na baba yake. Mwaka 1917, katika mapigano ya Mahiwa, kusini, alijeruhiwa akakamatwa na Waingereza. Akaja kufanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mshahara wa vita, wake na wa marehemu baba yake. Akaambiwa amechelewa.

Akabaki. Akawa mhudumu katika jumba la starehe lililoitwa Haus Vaterland, akifanya kazi amevaa mavazi ya kigeni ili wateja wafurahi. Akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akiwafundisha maofisa wanaoota kwamba siku moja Ujerumani itarudishiwa Afrika yake. Akaigiza katika filamu nyingi, sehemu ndogondogo za mtumishi na msafiri. Akaomba nishani ya waliopigana vita vile, akanyimwa. Mwaka 1941 ilitoka filamu ya kumtukuza Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, na Bayume alikuwa na nafasi ndani yake. Mwaka huohuo akakamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani, jambo ambalo sheria za ubaguzi za Wanazi hazikulivumilia. Hakupelekwa mahakamani. Alifariki Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Tangu mwaka 2007 kuna kijiwe cha shaba kwenye njia ya miguu mjini Berlin, mbele ya nyumba aliyoishi, chenye jina lake.

Tulinyamaza kidogo baada ya kusoma hayo. Halafu yule mzee wetu wa uongo uliopigwa pasi akasema: “Basi kwa nini asiandike habari za huyo Bayume mwenyewe?”

Swali hilo ndilo lililotuchukua majuma matatu. Jibu tulilolipata, nanyi mnaweza kulikataa, ni hili. Habari za Bayume zimehifadhiwa na nani? Na ofisi. Barua ya kudai mshahara, barua ya kukataliwa, ombi la nishani, orodha ya wafungwa. Karibu kila karatasi inayomtaja iliandikwa na mtu aliyekuwa akimnyima kitu. Kutokana na karatasi hizo mwanahistoria mwaminifu anaweza kukwambia alikuwa wapi na lini, na Mjerumani mmoja, Marianne Bechhaus-Gerst, ameandika kitabu kizima juu yake. Lakini mwanahistoria hawezi kukwambia nani alikuwa akimsubiri nyumbani. Hakuna ofisi iliyofungua jalada la dada anayetazama mlango.

Gurnah amemwacha Bayume na jina lake na tarehe zake, akamtunga Ilyas, na akampa Ilyas dada. Kwa kweli kitabu kile ni cha huyo dada. Majemadari wa Kijerumani wanapita kwa mbali kama mvua ya ng'ambo ya bonde. Uani ndiko tunakokaa, na Afiya, na Bi Asha mke wa Khalifa na ulimi wake mkali, na wanaume wa barazani wanaopiga soga za vita ambavyo hakuna aliyewauliza kama wanavitaka. Ukimaliza unajua vita vile vilikuwa nini kwa mtu wa kwetu, na hujasomewa orodha ya mapigano hata moja.

Sasa, kwa kuwa leo ni siku ya Uhuru, tunataka kumweka kijana mwingine kando ya Bayume. Huyu ni wa kweli kabisa, na kila aliyekaa Dar es Salaam amepita kwenye mtaa wenye jina lake. Kleist Sykes alizaliwa mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuja kutoka Msumbiji na jeshi la Wissmann, lile lililoletwa kuzima vita vya Abushiri. Kleist mwenyewe akawa askari wa Wajerumani, akapigana chini ya Lettow-Vorbeck. Vita vikaisha, Waingereza wakaingia, Kleist akapata kazi ya reli, na mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association, akiwa katibu wake.

Mwaka uleule, mabibi na mabwana. Mwaka 1929 Bayume yuko Berlin anadai mshahara wa Kaisari, na Kleist yuko Dar es Salaam anaandika mihutasari ya chama ambacho mtoto wake atakigeuza kuwa TANU. Wana wa Kleist, Abdulwahid na Ally, nao walivalishwa sare, safari hii za King's African Rifles, wakapelekwa Burma. Walirudi na akili nyingine. Tarehe 7 Julai 1954, Saba Saba, chama kikazaliwa. Kadi namba 1 ya Mwalimu Nyerere, namba 2 ya Ally, namba 3 ya Abdulwahid. Babu askari, baba askari, wana askari, kila mmoja wa bendera ya mtu mwingine, mpaka wa mwisho wakaamua kushona bendera yao. Habari za Kleist ziliandikwa na mjukuu wake mwenyewe, Daisy Sykes Buruku, katika kitabu cha mwaka 1973. Ndiyo maana tunazo.

Tumekuwa tukiwaambia vijana wetu: hapo kuna riwaya inayosubiri mtu. Dar es Salaam moja, vita vimoja, vijana wawili wa askari wageni, mmoja akarudi nyumbani na mmoja akaenda kumfuata aliyemwajiri. Mwandishi atakayewaandika atahitaji kubuni dada, jirani, muuza kahawa, mke anayeuliza maswali. Hatahitaji kubuni mwaka hata mmoja.

Hapa turudi kwa yule mtoto atakayechanganya jemadari wa kweli na mjomba wa kubuni. Njia ipo, na waandishi wetu walishaionyesha zamani. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake ya Maji Maji, iliyochapishwa mwaka 1969, aliiita Kinjeketile. Mganga wa Ngarambe katika historia ni Kinjikitile Ngwale, ambaye Wajerumani walimnyonga Agosti 1905. Angalieni irabu. Mbili tu zimebadilika, i ikawa e, na katika utangulizi Hussein akaeleza kwamba mtu wake wa jukwaani si yule aliyeishi Ngarambe. Adabu ya kazi hii ndiyo hiyo. Mwandishi anakuonyesha mlango ulipo, kisha anakukaribisha ndani. Tumeanza kuwafanyia watoto wetu mchezo: soma sura, halafu tafuta nani aliishi na nani hakuishi. Wanaupenda kuliko tulivyotarajia. Binti wa miaka 11 alituletea habari za Mahiwa ambazo sisi wenyewe hatukuwa nazo.

Tuje kwenye jambo gumu kidogo, na tunaomba tulisikilize kwa utulivu.

Desemba 9, 1961 ni siku ya Tanganyika. Uhuru wa Zanzibar kutoka kwa Mwingereza ulikuwa Desemba 10, 1963, Mapinduzi yakaja Januari 12, 1964, na Muungano Aprili 26 mwaka huohuo. Katika ukumbi huu wamo watu ambao familia zao zilisherehekea Januari ile, na wamo ambao familia zao ziliondoka kwa sababu ya Januari ile, zikafika Muscat, zikafika hapa Dubai, kwa majahazi na kwa pasipoti za kubahatisha. Tunakula sahani moja kila mwaka na hatulizungumzi. Huenda ndivyo tulivyoweza kula sahani moja.

Mwaka jana kikundi kiliamua kusoma vitabu viwili pamoja. Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1978, inayoyatazama mapinduzi kutoka upande wa watumishi na wakulima wa shambani kwa bwana. Na By the Sea ya Gurnah, ya mwaka 2001, ambamo mzee Saleh Omar anatua uwanja wa ndege wa Gatwick kuomba hifadhi, ameshika kikasha cha udi, na nyuma yake kuna miaka ya kifungo bila haki baada ya uhuru. Kasri kwa Kiswahili, ya pili kwa Kiingereza, tukifasiriana kurasa.

Kikao kilichukua saa nne. Dada yetu mmoja, ambaye jamaa zake waliondoka mwaka 1964, alisema hakuwahi kabla ya siku ile kumfikiria mtumishi wa nyumba ya bibi yake kama mtu aliyekuwa na usiku wake mwenyewe. Kaka yetu mmoja, ambaye babu yake alikuwa mchuma karafuu, alisema alimchukia Saleh Omar kwa kurasa mia moja, kisha akajikuta anaogopa wasimrudishe. Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha, na hakuna aliyebadili siasa yake. Lakini walipeana lifti kurudi Sharjah, na wanaokijua kikundi hiki wanajua hilo ni tukio.

Historia ya vitabu vya shule haingeweza kufanya hivyo, maana pale kila upande unakuja na idadi yake na tarehe yake tayari kwa mapambano. Riwaya ilitupa watu ambao hakuna kati yetu aliyekuwa na deni nao. Fuad hayupo, Saleh Omar hayupo. Tunaweza kugombana juu yao bila mtu kutukaniwa babu.

Wenzetu Waomani wameshaifanya kazi hii upande wao. Jokha Alharthi aliandika kwa Kiarabu mwaka 2010 riwaya ya vizazi vitatu vya kijiji kimoja cha Oman, na ndani yake wamo watumwa na watoto wa watumwa, jambo ambalo kwenye mabaraza ya huku halizungumzwi kwa sauti. Tafsiri yake ya Kiingereza, Celestial Bodies, iliyofanywa na Marilyn Booth, ilishinda tuzo ya Man Booker International mwaka 2019, ya kwanza kwa kitabu kilichoandikwa kwa Kiarabu. Tulikisoma tukijikuta nyumbani, maana upepo wa Zanzibar unavuma humo.

Na sisi wa hapa je? Nendeni Al Fahidi, ile mitaa ya zamani kando ya Khor, mwinue macho dari. Mtaona boriti. Ni mikoko ya kwetu, ya pwani ya Afrika Mashariki, ya delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, iliyopakiwa majahazini na kuletwa na upepo wa kusi. Vyumba vya zamani vya Dubai ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haizidi urefu fulani, sawasawa na vyumba vya Mji Mkongwe. Mwezi kama huu, kaskazi ikianza, majahazi yalishuka na tende na samaki mkavu. Mwaka 1938 Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na jahazi moja la Wakuwaiti hadi Zanzibar na Rufiji, akaandika kitabu. Nahodha anamtaja kwa jina. Waliokata mikoko ile matopeni, kiuno majini, mbu wakiwala, hawana majina katika kitabu chochote tulichokisoma. Kadhalika watu wa kwetu waliozamia lulu katika Ghuba hii, wengi wao hawakuja kwa hiari.

Hao ndio wanaohitaji kubuniwa. Tunasema neno hilo kwa heshima. Mtu ambaye hakuachiwa karatasi hata moja, njia pekee ya kumpa jina ni mwandishi kumpa, akizingatia miaka, upepo, bei ya boriti na urefu wa chumba kama vilivyokuwa.

Na sisi wenyewe tunaanza kuwa hao. Wengi wetu hapa tuna karatasi za aina ya Bayume: mkataba wa kazi, viza, barua ya kampuni, kitambulisho cha ukaazi. Siku mjukuu akitaka kujua bibi yake aliyefanya kazi Deira alikuwa mtu gani, atakuta tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Katika mwaka huu mmoja jumuiya yetu imezika wazee watatu. Wawili walikuwa wameahidi kutusimulia.

Kwa hiyo kamati imekubali jambo dogo. Kuanzia Jumamosi ijayo, baada ya magharibi, tutakuwa tunawarekodi wazee, mmoja kwa kila kikao, kwa Kiswahili chao, cha Unguja, cha Tanga, cha Bara, chochote. Hatutauliza siasa kama mtu hataki. Tutauliza ulifika kwa chombo gani, ulilala wapi usiku wa kwanza, nani alikupikia, ulituma nini nyumbani na mshahara wa kwanza. Vijana watatu wamejitolea kuandika. Mmoja wao anasema ana riwaya kichwani, na tumemwambia ailete kwanza kwenye karatasi ndipo tubishane.

Daftari la majina liko mezani karibu na mlango, pamoja na nakala nne za Peponi za kuazima. Kalamu imefungwa kwa uzi. Mwandike mzee wenu, namba ya simu ya anayemtunza, na kama anahitaji gari la kumleta.

 Tunamwachia mpishi.